Uvimbe Usio Mbaya

Dada yangu alikuwa akiishiwa na pumzi shambani, na nafuu aliipata alipolala ubavu tu. Mama alidhani ni uchovu wa mpunga na malezi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi na kupangiwa kazi Garsen. Nilipoweka kipima moyo kifuani pake nikasikia sauti ambayo sikuipenda, nikamsindikiza hadi Mombasa.

Picha ya moyo ilionyesha uvimbe katika chumba cha juu cha kushoto, umening'inia kwa kikonyo kama embe changa. Kila moyo ulipopiga ulicheza, na mara nyingine uliziba mlango wa damu. Daktari wa upasuaji, mtu mwenye huruma, alianza kwa kumtuliza dada.

"Mama, huu si uvimbe mbaya. Si saratani."

Dada akashusha pumzi. Nadhani hapo ndipo alipoacha kusikiliza, kwa maana maneno mazito yalikuja baadaye: kwamba uvimbe ule ni laini, waweza kumeguka, na kipande chake kikapanda ubongoni.

"Umesikia? Si mbaya," aliniambia tukiwa njiani kurudi Kulesa.

"Dada, amesema pia waweza kukuua."

"Mdogo wangu, hata shemeji yako si mbaya, na sijampeleka kupasuliwa."

Nilicheka, ingawa moyo wangu haukucheka.

Nyumbani, neno lile lilitutangulia. Kanisani walimshukuru Mungu kwa uvimbe usio mbaya. Mama alitaka kujua watamfungua wapi, nami nikaeleza njia mbili nilizofafanuliwa. Ya kwanza, mfupa wa kidari hupasuliwa katikati kwa msumeno, moyo husimamishwa, na mashine husukuma damu badala yake. Ya pili, hupita kwenye tundu dogo baina ya mbavu, upande wa kulia, na jeraha hupona mapema.

"Msumeno," mama alisema, "kwa kitu kisicho kibaya?"

Dada aliitaka njia ndogo, ili arudi upesi kwenye jembe. Nilimpigia daktari simu. Alijibu kwamba uvimbe wa dada ni mkubwa na dhaifu mno. Alihitaji nafasi ya kuutoa mzima, pamoja na kikonyo na kipande cha ukuta wa moyo ulipoota, usije ukachipua tena. Kwa wengine angepita ubavuni. Kwa dada, hapana.

Maji ya mto yalikuwa yamepungua, tope bado laini, na ardhi ya Tana haimngoji mtu.

"Basi nimalize kupanda," alisema. "Kisha wanipasue watakavyo."

Nilimsihi. Nilimwomba shemeji amsihi. Alitusikiliza kwa adabu, akachukua miche yake akaenda.

Alianguka asubuhi, katikati ya tope, midomo ikiwa imepinda. Kipande kilikuwa kimemeguka.

Walimpasua baadaye, hali yake ilipotulia, kwa njia ya katikati. Upasuaji ulikwenda kama ilivyokusudiwa: uvimbe ulitoka na kikonyo chake, ukuta wa moyo ukazibwa kwa kiraka. Daktari alinieleza hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa rambirambi.

Tangu hapo siwaanzii wagonjwa kwa habari njema. Husema: si saratani, lakini unaua, tuutoe. Wakubwa wangu kazini wananionya kwamba nawatisha watu. Huenda ni kweli. Ila naamini mtu ana haki ya kutishwa na kinachotisha.

Nikienda Kulesa siku hizi husikiliza moyo wa dada, nao unapiga vizuri kuliko wangu. Maneno hayamtoki. Mkono wa kulia umelala pajani.

Majirani ndio waliouvuna mpunga wake. Siku ya wali wa kwanza tuliketi naye mkekani. Kwetu hakuna alaye kwa mkono wa kushoto. Utotoni mama alituchapa kwa kosa hilo. Dada aliutazama wali, akamtazama mama. Mama akaisogeza sahani upande wa kushoto wa dada, naye akaanza kula, asimwangalie.