Tunda la Mama Mdogo Agripina

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kwa jirani kuomba moto, kijijini kwetu karibu na Mdandu kulikuwa na mti mmoja tu ambao bibi yangu aliuogopa. Haukuwa mti wa kutisha. Kimo chake kilinifika kifuani, na ulisimama nyuma ya jiko la mama mdogo Agripina, umeegemea ukuta wa udongo pale upande wa mafiga, kwa sababu baridi yetu ya mwezi wa sita huua kila kisichoizoea. Mama mdogo alikuja nao ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa, kutoka kwao Ludewa kando ya ziwa, siku alipoolewa na baba mdogo Yordani. Usiku wa umande mkali aliufunika kwa mfuko wa salfeti, kama mtu anavyomfunika mtoto.

Ulizaa matunda mekundu, madogo kama buni iliyoiva. Yenyewe hayakuwa na ladha ya maana. Lakini ukilitafuna moja, ukaligeuzageuza mdomoni, kisha ukauma limau, limau linakuwa tamu utadhani limechovywa kwenye asali. Plamu mbichi, zile zinazokaza taya, zilikuwa tamu. Mtindi uliochacha ulikuwa mtamu. Sisi watoto tulipanga foleni nyuma ya jiko lile, na mama mdogo alitugawia moja moja, akicheka nyuso zetu.

Bibi hakucheka. Alikuwa mama mzazi wa baba yangu na wa Yordani, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, na bado aliamini yale aliyoyasikia usichanani: kwamba wachawi wa zamani walikuwa na tunda la namna hiyo, wakimlisha mtu kwanza, ndipo wampe sumu.

"Mungu alimpa mtu ulimi ili ajue kibaya kabla hakijashuka tumboni," alimwambia mama mdogo mbele yetu. "Hili tunda linaulevya ulimi. Siku moja mtu atameza kifo huku anasema ni kitamu. Ung'oe."

"Mama, kwetu watoto wote wanakula," mama mdogo alijibu kwa upole.

"Hapa si kwenu."

Maneno yale yalitoka nje ya ua wetu na kutembea. Mama mdogo alikuwa ameolewa miaka kadhaa bila kupata mtoto, na kwa baadhi ya watu hilo peke yake lilitosha kumtazama kwa jicho la pembeni.

Kisha ukaja msimu wa ulanzi. Asiyetoka kwetu ajue kwamba ulanzi ni maji ya mianzi michanga. Ukigemwa leo ni togwa, mtamu, hata mtoto hunywa. Ukikaa siku kadhaa unakuwa mkangafu, mchachu na mkali, na hata wazoefu hunywa huku wamekunja uso. Jumamosi moja mchana Yordani alikuja nyumbani na rafiki yake Festo. Walikuwa wakipasua mbao pamoja msituni, na Festo alipendwa na kila mtu, kuanzia wazee mpaka kwaya ya kanisani alikoimba besi. Mimi nilikuwa jikoni nikimenya viazi na mama mdogo. Ndani kulikuwa na ndoo ya mkangafu ambao hakuna aliyeutamani.

Yordani akakumbuka mti. Akaenda mwenyewe nyuma ya jiko, nikamwona kupitia dirishani, akachuma matunda mkono mzima.

"Tafuna, halafu onja," alimwambia Festo.

Festo alionja, macho yakamtoka. "Togwa hii!" akapiga kelele. "Yordani, umeficha togwa ndani!"

Wakacheka, wakanywa mpaka ndoo ikalia, wakaagiza nyingine ya mkangafu uleule kwa jirani. Mama mdogo alitoka na kisu cha viazi mkononi. "Shemeji, punguza. Kilichobadilika ni mdomo wako, ulanzi ni uleule." Hawakumsikiliza. Festo aliondoka jua likiwa bado juu, anaimba, anapepesuka. Asubuhi alikutwa mtaroni kando ya barabara, kifudifudi, uso ndani ya maji yasiyofika hata kifundo cha mguu.

Walimzika Jumatatu. Yordani alimkataza mkewe kwenda mazikoni, nami niliachwa nikae naye. Mchana kweupe, tukiwa jikoni, nikasikia mbwa wetu anabweka upande wa njia. Kisha akalia mara moja, akanyamaza. Kabla hatujauliza kulikoni, ua ulishajaa watu waliotoka makaburini wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Niliwajua wote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko fimbo walizoshika. Alikuwepo aliyemtengenezea baba baiskeli. Alikuwepo kijana aliyetufundisha nyimbo za watoto kanisani. Mbele alisimama Eliasi, kaka yake Festo, ameshika mundu anaogemea ulanzi.

"Mtoeni mchawi!"

Yordani akaingia jikoni. Nilishusha pumzi, maana nilidhani amekuja kumlinda mkewe. Akamkamata nywele, akamburuta mpaka uani.

"Waambie ulichomwekea Festo!"

"Yordani," mama mdogo alisema, "si wewe ndiye uliye..."

Akampiga ngumi ya mdomo. Mama mdogo akatema damu, akaanza tena, "Si wewe..." na ngumi ikarudi palepale. Nilikuwa mtoto lakini niliona: kila alipofika kwenye neno lile, alipigwa kabla hajalimaliza. Nikapiga kelele kwamba ni baba mdogo aliyechuma, nilimwona. Mtu akanisukuma, nikaangukia figa. Kovu liko hapa juu ya nyusi mpaka leo.

Baada ya Yordani walifuata wengine. Fimbo zililia mgongoni kwake kwa sauti ya kupura maharage. Jiwe lilimpata jichoni. Eliasi aliinua mundu, mama mdogo akakinga kichwa kwa mkono, na vidole viwili vikaanguka kwenye vumbi mbele yangu. Sikumsikia akilia. Nilisikia tu watu wakipumua kwa nguvu, kama wanaolima. Mwingine alitia kiberiti kwenye nyasi za paa la jiko, moto ukapanda. Nyuso zao zilikuwa na kitu ambacho sijakisahau: hawakuonekana na hasira tena. Walionekana kuridhika, kama watu waliokuwa na njaa wakapata chakula.

Bibi akatokea njiani, naye akitoka makaburini. Hakukimbia, miguu yake ilishakataa mbio. Alipita katikati yao, na kwa kuwa alikuwa mwenye mji na mkubwa kuliko wote, wakampisha.

"Yordani, mwachie."

"Mama, huyu ameua."

"Ameua kwa kitu gani?"

"Kwa tunda! Si wewe mwenyewe ulisema?"

Na umati ukaitikia: Bibi alisema! Bibi alituonya! Mmoja alimsifu kabisa kwamba ameona mbali. Bibi alimtazama mkwewe aliyelala chini, akautazama mkono wake. Kisha akazunguka nyuma ya jiko linaloungua, tukadhani anaenda kuung'oa ule mti. Akarudi na matunda kiganjani.

"Ulanzi alioubakiza Festo uko wapi?" aliniuliza.

Niliburuta ndoo ya pili kutoka chumba cha mbele. Haikuwa imeisha. Mbele ya macho ya kila mtu bibi alitafuna matunda yale, akachota kikombe, akanywa mpaka mwisho, akageuza kikombe waone hakina kitu.

"Kama ndiyo sumu, nitakufa hapa hapa mnaniona. Nikifa, fanyeni mnavyotaka. Nisipokufa, hakuna atakayemgusa tena. Kaeni chini."

Akaketi kwenye vumbi, akakilaza kichwa cha mama mdogo mapajani mwake, akavua kitambaa chake cha kichwa na kuufunga ule mkono. Na wao, siwezi kueleza kwa nini, waliketi. Paa la jiko liliporomoka, cheche zikaruka, na ule mti ukaungua pamoja na ukuta wake. Hakuna aliyesimama. Walikuwa wanamtazama mwanamke mzee wakisubiri afe.

"Bibi, unajisikiaje?" mtu aliuliza baada ya muda mrefu.

"Nina kiu," alisema, akachota kikombe kingine.

Hakuna aliyecheka. Lakini baada ya hapo kijana wa kanisani aliinuka, akajipangusa suruali, akaondoka bila kuaga. Akafuata mwingine. Baba yangu, aliyekwenda Makambako kuita askari alipoona umati unaondoka makaburini, alipofika nao, uani walikuwa wamebaki wachache, na Eliasi alikuwa amekaa amejiinamia, mundu umelala mbali naye.

Mama mdogo alitibiwa Njombe. Jicho halikupona. Alipotoka hospitali ndugu zake walikuja kumchukua wakarudi naye Ludewa, na hakukanyaga tena kwetu. Baadhi ya wale watu walishtakiwa. Bibi alisimama mbele ya hakimu na kusema aliyoyaona, akianza na mwanawe wa kumzaa. Yordani alipomaliza kifungo alikuja mlangoni kwake kupiga hodi, akasema "Kamwene, mama." Bibi aliitikia salamu, kisha akafunga mlango.

Sasa naishi Makambako, ni fundi cherehani, nina watoto wangu. Majuzi binti yangu alinionyesha kwenye simu watu wa nchi nyingine wakitafuna matunda mekundu na kuuma malimau huku wakicheka. Nilimwambia nayajua. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kuhusu Festo, nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri. Tunda halikuwa na sumu. Ila ule uchachu ndio uliokuwa ukiwaambia wanywaji sasa yatosha, na siku ile haukumwambia. Kwa hiyo bibi hakukosea. Alichoonya kilitokea karibu kama alivyosema, na nusura kiue mtu wa pili, kwa kinywa cha bibi mwenyewe.

Nilipokuwa sekondari niliwahi kumsifu. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwambia alikuwa na akili sana siku ile, kwa kuwa alijua tunda halina kitu.

Alinitazama kwa mshangao. "Nani alikuambia nilijua? Mimi nilijua nakufa. Nilikaa pale nasubiri tumbo linishike."

"Sasa ulikula ya nini, bibi?"

"Walikuwa wanamuua kwa maneno yangu," alisema. "Ningewaambia nimeyafuta, nani angenisikia?"

Akaendelea kuchambua. Hakuacha kuliamini tunda lile kuwa la wachawi, na alituonya juu yake mpaka mwaka aliofariki. Kwa miaka mingi jambo hilo liliniudhi. Nilitaka awe ameshinda hofu, awe ameona kwamba ni tunda tu kama mengine. Siku hizi sitaki hivyo tena. Nakumbuka tu kwamba alipolipeleka kinywani mkono wake ulikuwa unatetemeka, na mimi, niliyekuwa karibu yake kuliko wote, nilidhani ni uzee.