Mama Alimpigia Magoti Mama wa Watu

Mjomba wangu Pil-gyu ni mwongo. Naanza na hilo, nisije nikalimeza katikati kwa sababu ya undugu.

Jumamosi ile, wiki mbili kabla ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na ya kuwakumbuka wazee, nusu ya Seoul ilikuwa barabarani kuelekea vilimani, kila gari na mashine yake ya kufyekea kwenye buti. Ndiyo majira yake. Nyasi za kiangazi zimeshapanda juu ya makaburi ya wazee, na ukoo usiofyeka unasemwa kijiji kizima. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Mjomba alikaa mbele, eti mgongo unamsumbua, na mama alikaa nyuma amekumbatia masanduku matatu ya chakula.

Mama anaitwa Geum-ok. Kwa miaka ishirini na mbili amepika kwenye jiko la shule ya msingi huko Guro, watoto mia tisa kila mchana. Yale masufuria ndiyo yaliyommaliza magoti. Mwezi wa kumi na moja anawekewa ya bandia, na daktari amemwambia wazi kwamba baada ya hapo mambo ya kupiga magoti chini ayasahau. Mama hakuuliza kama itauma. Aliuliza tarehe, akahesabu kwa vidole, akampigia simu kaka yake. "Kaka, mwaka huu naenda mwenyewe kwenye kaburi la mama. Nataka nimpigie magoti nikiwa bado nayo."

Tangu bibi azikwe, miaka kumi na tisa nyuma, mama hakuwahi kupanda kilima chenye kaburi lake. Mjomba alikata kauli siku ya mazishi: binti akishaolewa ni wa watu, kaburi ni kazi ya mwana wa kiume. Basi kazi ya mama ikawa kupika. Kila mwaka, siku mbili nzima, alikaanga zile chapati nyembamba za kabichi ambazo bibi alizipenda, akafinyanga keki za mchele, akakausha samaki, akafunga vizuri na kumkabidhi mjomba. Jumapili masanduku yalirudi matupu. "Mama ameshukuru," mjomba angesema, na mama yangu angetembea na furaha hiyo wiki nzima. Nikiikumbuka furaha ile damu inanichemka.

Foleni ilitushika kabla hata hatujatoka mjini.

"Si nilisema tuajiri watu?" mjomba alianza. "Siku hizi kuna vijana wanakufyekea, wanakutumia na picha. Wewe umekaa kwako unakula tikiti maji."

"Na magoti yangu nayo niyatume kwa picha?" mama akamjibu.

"Una maneno wewe, Geum-ok."

"Nimeyaweka miaka kumi na tisa, kaka. Yamezaana."

Nilicheka. Mjomba akanigeukia. "Wewe angalia barabara. Ndiyo maana huolewi."

"Nikiolewa nitakuwa wa watu, mjomba. Nani atakuendesha?"

Kwenye kituo cha mapumziko alishuka bila hata kuugusa huo mgongo wake, akala viazi vya kukaanga bakuli mbili. Nilimwona. Nikajikausha.

Tulipoingia wilaya ya Pyeongchang vilima vikatuzunguka pande zote, kijani tupu, na mama akafungua dirisha ili anuse. Kwenye njia panda mjomba akasema haraka, "Kata kulia hapa." Halafu, "Aa, hapana. Nyoosha tu." Kulia kulikuwa na kibao cha bwawa la kuvulia samaki. Sikukitilia maanani, na hilo najilaumu mpaka leo.

Tuliegesha chini ya shamba la kabichi. Mama alipanda akiniegemea, akisimama kila hatua kumi, akiuma meno. Mjomba alitangulia, mara kushoto, mara kulia, mpaka tukatokea kwenye uwazi. Kulikuwa na tuta la kaburi limefyekwa vizuri, halina jiwe la jina, kama la bibi lisivyokuwa nalo. Uso wa mjomba ulichangamka.

"Umeona? Nilipita mwezi uliopita nikapasafisha. Ndiyo maana mgongo unauma."

"Kaka," mama alisema. "Na mimi njiani nakuwazia mabaya."

Alitandika mkeka, akapanga chakula, akamimina pombe ya mchele. Kisha akashuka. Goti la kwanza lililia, nililisikia. Alishuka mpaka paji la uso likagusa ardhi, akainuka kwa kunishika mkono, akashuka tena mara ya pili kama inavyotakiwa. Pale chini akaongea. Alimwambia kuhusu baba yangu alivyofariki, kuhusu kuungua mkono jikoni, kuhusu siku aliyomjibu vibaya akiwa na miaka kumi na minne. Mambo ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuyasikia.

Hapo ndipo walipotokea wanaume wanne wenye mabuti, na mundu mikononi. Mbele yao alikuwa mzee wa miaka themanini hivi, aliyetuambia baadaye anaitwa Tak.

"Samahani, mama," alisema kwa adabu. "Wewe kwa bibi yetu ni nani?"

Mama alikuwa bado analia pale chini, na mzee akaendelea.

"Tumemfyekea asubuhi, tukashuka kula. Sasa tunarudi tunakuta mgeni analia." Akamtazama mama vizuri, kisha akaonyesha nyuma yetu, kwenye kichaka. "Au nyie ni wa lile?"

Lile halikuwa kaburi. Zilikuwa nyasi za kufika kifuani na mti unene wa mkono wangu umeota juu yake.

"Lile miaka saba hatujaona mtu," mzee alisema. "Tulidhani ukoo wake umekwisha. Mwaka juzi niliona huruma nikafyeka kidogo pale mbele."

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua kichwa tu. "Kaka. Chakula changu kilikuwa kinakwenda wapi?"

Mjomba alianzia mbali. "Mwaka ule mvua ilinyesha, njia ikaharibika..."

"Sikuulizi mvua."

"Bwawani. Nilipita kwa jamaa ninaovua nao." Halafu, macho makavu, akaongeza, "Lakini walizipenda sana zile chapati. Kila mwaka wanakusifu."

Nilitaka kumsukuma kilimani, nasema kweli. Miaka saba mama amesimama jikoni na magoti yale akiwapikia walevi wa bwawani, na mama yake analala chini ya mti.

Mama hakupiga kelele. Alimwomba mzee Tak mundu, akajivuta mpaka kwenye kichaka na kuanza kufyeka. Mimi nikawasha mashine. Wanawe mzee Tak, wale wenye mundu, wakaleta msumeno, wakaukata ule mti bila kuambiwa. Mjomba alisimama akishika kiuno.

"Mgongo," alisema.

"Magugu hayang'olewi kwa mgongo," mama akamwambia. "Chuchumaa."

Akachuchumaa, mbele ya wageni, na shati lake la kola. Kwa saa mbili nzima. Tuta lilipotokea lilikuwa limebonyea upande mmoja, nguruwe mwitu wamelichimba. Mzee Tak akatuletea chakula chetu. "Bibi yetu ameonja tu," alisema. Tukakipanga upya.

Mwana wa kiume ndiye hutangulia kupiga magoti. Mjomba akajifuta mikono, akanyoosha kola, akasogea mbele ya mkeka.

"Rudi nyuma," mama alisema.

"Mbele za watu, Geum-ok?"

"Hao watu wamemfyekea mama yako. Rudi nyuma."

Akarudi. Mama akashuka mara ya kwanza, nikamwinua. Mara ya pili magoti yalikataa kabisa kuinuka, akabaki hapohapo, mikono juu ya udongo. Safari hii hakusema siri yoyote. Alikuwa ameshazimaliza kwa bibi wa akina Tak.

Baadaye tulikaa kula, kama desturi. Mjomba alikuwa na njaa. Alinyoosha mkono kwenye chapati za kabichi, na mama akashusha mfuniko juu ya vidole vyake.

"Wewe umekula miaka saba," alisema. "Leo anakula mama."