Nilichagua Mashine kwa Rangi, Shemeji Akapoteza Mguu

Wasomaji wenzangu, shemeji yangu alikatwa mguu kwa sababu yangu. Kwenye karatasi za kiwanda waliandika ajali. Uongo! Ni mimi. Nimekaa na neno hili tumboni miaka mingi, leo nalitapika.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nyapara wa kiwanja katika kiwanda kimoja cha chai, upande wa Nyamira. Nilikuwa na wafanyakazi wanane waliofyeka nyasi kwa slasha. Mmoja wao alikuwa Mokaya, kaka wa mke wangu Moraa. Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi. Alikuwa mtu mkimya, Msabato wa kweli. Baba yao alikuwa mfua vyuma, na Mokaya alikulia penye moto na nyundo.

Mimi nilijiona mtaalamu. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Kericho, kwenye klabu ya Wazungu, nikisukuma mashine za kukata nyasi. Mtaalamu gani! Nilijua kuvuta kamba na kutia petroli, basi.

Meneja akanituma Kisii mjini nikachague mashine ya kukata nyasi za kiwanda. Nikaenda na Mokaya anisaidie kubeba. Dukani tulikuta mbili. Moja ya kijani, nzito, sura mbaya. Nyingine nyekundu, nyepesi, inang'aa mpaka unajiona.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyesema taratibu, alinieleza wazi: "Hii nyekundu ni ya bustani ya nyumbani, mara moja kwa wiki. Kazi ya kila siku haiwezi. Kwa kiwanda, chukua ya kijani."

Nikacheka. Nikadhani anataka kunisukumia mzigo uliomlalia dukani.

Mokaya akainama, akagonga mfuniko wa ile nyekundu. Ukalia kama debe. Akashika kisu cha mashine, akakitikisa, kikacheza huku na huku.

"Shemeji, hii ni bati tu," akasema. "Na shafti inacheza hata kabla ya kufanya kazi."

Mbele ya mwenye duka! Damu ikanichemka. "Nyamaza! Nani alikaa na Wazungu, mimi ama wewe?"

Tukarudi na nyekundu.

Siku za kwanza ilikata vizuri, nami nikatembea kiwanjani kifua mbele. Lakini udongo wetu una mawe, na miteremko yetu mnaijua. Mfuniko ukapasuka penye bolti. Nikaufunga kwa waya. Kisu kikaanza kulia, mlio wa kukwaruza unaoingia mpaka kwenye meno. Je, nilimwendea meneja nikamwambia nimekosea kuchagua? Wapi! Nikaongeza waya mwingine.

Asubuhi moja tulikuwa tunatarajia wageni wakubwa. Mokaya akaiwasha, akasikiliza, akazima.

"Hii siisukumi. Kisu kitatoka."

"Washa!"

"Shemeji, nipe slasha. Nitamaliza kabla wageni hawajafika."

Wenzake walikuwa wamesimama wanatutazama. Nikampiga kofi, kofia yake ikaruka. Hakunirudishia. Hilo ndilo lililonipandisha wazimu zaidi! Nikachukua kamba ya kuwashia, ile yenye kishikio cha mbao, nikamchapa nayo mgongoni. Mara moja, mbili, tano, mpaka shati likapasuka na ngozi nayo ikafuata. Mtu mzima, baba wa watoto watatu! Nikamwambia asipoisukuma, kesho asikanyage hapo.

Akanitazama. Akaokota kamba niliyoitupa chini, akaizungusha kwenye injini, akavuta.

Hakufika hatua ishirini. Kulitokea mshindo kama wa bunduki. Kisu kiligonga jiwe, kikang'oka, kikatoboa lile bati kama karatasi na kumpiga chini ya goti. Mokaya alibaki wima kidogo, akiutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine. Kisha akaanguka. Ee Mungu wangu, ile damu! Iliruka mpaka kwenye suruali yangu. Nilisikia akimwita mama yake, na mama yake alikuwa amekufa zamani.

Wenzake walimfunga mguu kwa mshipi, wakampakia kwenye lori la majani ya chai na kumkimbiza hospitali. Huko wakaukata mguu juu ya goti.

Sasa sikieni ubaya wangu. Lori lilipoondoka tu, meneja alifika akauliza kimetokea nini. Nikajibu, "Alikuwa amelewa. Nilimkataza, akalazimisha."

Sikujua kwamba Moraa ameitwa, ameshaelezwa yote na wafanyakazi, na yuko nyuma yangu.

"Yaya!" akapiga kelele, yaani hapana. "Ndugu yangu hajaonja hata busaa! Muulizeni huyu nani alimpasulia shati!"

Akaokota kipande cha ukuni, mke wangu mwenyewe, akanipiga nacho mdomoni. Kisha wafanyakazi waliobaki wakanivamia kwa mipini ya slasha. Walinipiga mbavu, wakanipiga kichwa, wakanikanyaga pale pale penye damu ya Mokaya. Meneja ndiye aliyeniokoa. Meno matatu yalibaki kiwanjani, na sikio la kushoto halisikii mpaka leo.

Kazi ikaisha siku hiyo. Moraa akachukua watoto akaenda kwao Magwagwa. Hakurudi.

Baada ya mwaka nilikwenda kuomba msamaha. Mokaya alikuwa nje akipukuchua mahindi, magongo yake kando. Nikapiga magoti. Akatupa gunzi alilomaliza kupukuchua.

"Kukosea kuchagua, hiyo ningekusamehe. Mtu hukosea. Lakini ulisikia kisu kinalia, na bado ukanichapa."

Akashika magongo, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa chini pale mpaka Moraa akaja kuniambia niondoke.

Ndugu zangu mnaonunua mashine za shule, za hospitali, za viwanda, rangi isiwapumbaze! Pindueni mkatazame chini, mpime unene wa chuma, mshike kila bolti, muulize iliundwa kwa kazi ya nani. Na anayeisukuma akikuambia imeharibika, izime hapo hapo, hata kama wewe ndiwe mkubwa na watu wanatazama. Mimi niliogopa kuaibika mbele ya watu wanane. Leo watoto wangu wakikutana nami sokoni hupitia upande wa pili.