Mguu wa Breki

Mwalimu wa udereva alikuwa mtu mpole, lakini mguu wake wa kulia haukujua upole hata chembe. Miaka nenda miaka rudi alikaa upande wa abiria, chini yake ile breki ya pili ya mwalimu, akiwaokoa wanafunzi wasipande kuta za watu. Mguu ukazoea. Ukawa unakanyaga hata kwenye kiti cha kinyozi, wembe ukikaribia sikio. Hata mezani, chai ikimiminwa mpaka ukingoni. Wanafunzi wakambandika jina: Breki.

Hayo mkewe aliyavumilia. Kitandani ndiko yalikomshinda.

"Baba watoto, mimi si gari," alisema asubuhi moja akijisugua muundi. "Jana ubavu, leo muundi! Nahamia chumba cha wasichana. Huo mguu ukipata adabu, niite."

Akabeba mto wake, akaenda zake.

Breki akajifanya hajali. Lakini chumba bila mkewe kilikuwa kikubwa kama uwanja wa mpira, na usingizi ukampa kisogo. Shingo ikakakamaa. Akaanza kufoka barabarani, yeye aliyekuwa akiwapisha hata kuku. Mwishowe akajikaza kisabuni, akaenda kwa mchuaji wa misuli, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la kinyozi.

Mchuaji alikuwa mzee mnene mwenye viganja kama sahani. Akamlaza mezani, akampaka mafuta, akabonyeza bega. Mguu ukakanyaga hewa. Akabonyeza kiuno. Mguu ukakanyaga tena, meza ikalia.

"Kijana, nani anaendesha hapa?"

"Wewe, mzee."

"Sasa mbona unanifungia breki?"

Breki akazika uso kwenye taulo kwa haya.

"Huu ni woga uliohamia kwenye nyama," mzee akasema, mikono ikishuka pajani taratibu. "Kichwa kikiogopa kutwa, misuli nayo inakaza kukisaidia. Hata usingizi haupati pa kupita. Mimi nalegeza huku chini, kichwa kitafuata chenyewe. Haya, pumua."

Akapumua. Kigimbi kilichokuwa kigumu kama gogo kikaanza kulainika, joto likapanda hadi utosini. Machozi yakamtoka bila sababu. Kisha akakoroma.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mama muuza vitambaa, mwanafunzi wa siku nyingi. Kona ikaja, na baada ya kona ua wa michongoma. Breki aliuona ukikaribia, ametulia tuli kama mtu anayetazama machweo. Mguu ulikuwa umelala. Gari likajichomeka kwenye michongoma mpaka milangoni.

"Mwalimu! Mbona hukufunga?"

"Na wewe je?"

"Mimi? Si hufunga wewe siku zote!"

Breki akaduwaa, jani limemning'inia sikioni. Kumbe mama wa watu hakuwahi hata mara moja kuachiwa nafasi ya kusimamisha gari.

"Basi, mama," akasema kwa upole, "leo tunaanza na breki. Ya kwako."

Alipomsimulia mkewe, mke alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo mguu haukukanyaga kabisa?"

"Kabisa."

"Hata ulipoona miiba?"

"Hata hapo."

Jioni mkewe akarudi na mto wake. Lakini alilala upande wa kushoto, mbali na ule mguu. Kumwamini alimwamini, ila mbavu zilikuwa zake.