Kifungua Mimba Hupanda Mwisho

Daktari aliyenipima Kibiti mwaka jana ni kijana wa kutoka bara, na huniita mama. Presha yangu ilikuwa juu kwa mara ya tatu mfululizo. Aliuliza ninavyolala na ninavyokula, kisha akaniuliza jambo ambalo sikupata kuulizwa na mganga yeyote: "Kwenu wewe ni wa ngapi kuzaliwa?"

Nikamjibu kwamba mimi ni kifungua mimba na nina wadogo wawili. Akanieleza habari za kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga damuni unapohisi hatari, na kwamba wapo wataalamu wanaojiuliza kama nafasi ya mtu katika uzao ina uhusiano na kiwango chake. "Hawajakubaliana," alisema. "Pengine ni malezi tu, mama. Ila punguza mizigo."

Malezi nayajua. Kwetu Mloka, mpunga ulipoanza kuzaa tulihamia shambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, tukifukuza ndege aina ya kweleakwelea kutwa. Mama alipokwenda kijijini aliacha agizo moja: tembo wakitokea, wadogo wapande ngazi kwanza, mimi nihesabu vichwa, ndipo nipande. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi moja tembo jike alichomoza kwenye matete wakati mdogo wetu wa mwisho amelala chini kwenye kanga. Nilishuka kutoka dunguni, nikambeba, nikapanda naye. Mama aliporudi nilimsimulia, meno yakigongana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Wameharibu majaruba mangapi ya mpunga?"

Mwaka huu magoti yalimgomea mama, ikawa lazima ahame Mloka. Tulikutana kuamua akae kwa nani, Ikwiriri, nyumbani kwa yule mdogo wetu wa mwisho, mwenye nyumba ya vyumba vinne. Nilikuwa nimeazimia kusema neno moja tu: safari hii si mimi. Nimemuuguza baba, nimewasomesha wadogo zangu, na mwili umechoka. Nikalisema, nikaeleza na maneno ya daktari.

Mdogo wangu akacheka. "Dada nawe. Presha nani hana? Mimi nina watoto wadogo hapa, na mama keshakuzoea wewe."

"Ugonjwa gani huo wa kuuliziwa mpangilio wa kuzaliwa?" akadakia mama. "Basi nipelekeni mahakamani kwa kumzaa mapema."

Wote wakaangua kicheko, hata ndugu yetu wa katikati. Nikangoja kiishe.

"Mama, mimi naumwa," nikasema.

"Wewe ndiye mama yao nikifa," akajibu, sasa kwa upole. "Utashindwaje kunitunza ningali hai?"

Nilikwenda kumfungashia mama nguo zake, na hakuna aliyenishukuru; mtu hashukuriwi kwa kukaa mahali pake.

Sasa mama yuko kwangu Kibiti. Kila Ijumaa baada ya swala mdogo wangu wa Ikwiriri hupiga simu. "Dada, mama hajambo?" huuliza, nami, kabla sijajibu, humsikia akiongeza, "Hebu mpe niongee naye." Humpa mama simu, kisha hutoka nje.