Siku Tatu za Kutwanga Kinu Kitupu

Kinu kitupu kina sauti yake. Mtu aliyezoea mashine ya kukobolea hawezi kuijua, lakini mimi naijua hata nikiwa usingizini. Juzi mchana mjukuu wangu alikuwa anachezea mchi uani kwangu hapa Mlabani, akaupiga ndani ya kinu kisicho na kitu, mara moja tu, nami nikaruka kitandani. Nilimfokea mtoto wa watu bila kosa lolote. Baadaye nikampa muwa ili tupatane, nikakaa kwenye mkeka, na kwa muda mrefu nikawa tena na umri wa miaka minane.

Wiki hiyohiyo walikuja vijana wawili wa ofisi ya wilaya, wana daftari na adabu nzuri, wakipita nyumba kwa nyumba kuandika historia ya Ifakara, sanaa zake na mahali pa kuwapeleka wageni. Walishaandika mto na viboko wake. Walishaandika njia walizopita Wajerumani na mahali walipopiga kambi, kana kwamba nyasi hupata heshima kwa kulaliwa na askari. Waliniamkia, wakaniuliza kama nina ngoma ya enzi ya Maji Maji, waiweke kwenye chumba cha maonyesho. Nikawaambia ngoma hazipo, zilichomwa, ila nina kinu. Wakacheka. "Bibi, vinu si vipo kila nyumba!" Nikawaacha waende zao. Sikuwa na hamu ya kuwabembeleza. Ninyi mnaonisoma mna subira kuliko wao, basi nitawaambia ninyi.

Nilizaliwa kijiji cha Mofu, mtoto wa pekee wa mchongaji. Baba alichonga mitumbwi, na pande la mti lililobaki alilichonga kinu. Alipomaliza kinu alikigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio, kisha akatabasamu au akanuna. Asiporidhika alichonga tena, hata kama mwenye kinu amesimama pale na kapu lake la mpunga akilalamika. Mama alimtania kwamba hata yeye alipochumbiwa aligongwa kwanza. Nyumbani tulikuwa na vinu vitatu vya mkono wake: kikubwa cha mpunga, cha kati cha mtama, na kidogo cha karanga ambacho alinichongea mimi. Kilinifika kiunoni, nami nilikiringia kweli.

Vita vilipofika bondeni, baba alikwenda na wenzake. Alirudi mwenzake mmoja tu, akatueleza kwamba baba alipigwa risasi kwenye kivuko na maji yakamchukua. Kisha askari wa Wajerumani wakaja kuchoma vihenge. Mpunga wa mwaka mzima uliungua polepole, na kwa siku nne kijiji kizima kilinuka wali ulioungulia, wakati hapakuwa na mtu mwenye punje ya kutia mdomoni. Hata leo ukiunguza wali nyumbani kwangu tutagombana.

Akida aliyewekwa juu yetu alikuwa mgeni, mwenye kanzu safi na viganja laini. Alikusanya ngoma zote za kijiji, akazichoma mbele yetu, akatangaza kwamba ngoma ndizo zilizowaita watu vitani, na kwamba aliyekufa akipigana na Serikali hana msiba. Asikutane mtu na mtu kumlilia. Atakayevunja amri atafungwa minyororo.

Mjue kwamba kwetu mwenye nyumba akifa hakuachwa hivihivi. Alipigiwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kwa siku tatu. Siku ya tatu ngoma zikinyamaza, mjane alifungua kitambaa alichojifunga kichwani, akaenda kuoga mtoni pamoja na wenzake, na marehemu akahesabiwa kuwa amefika kwa wazee wake. Asiyepigiwa alihesabiwa kuwa mtu aliyetupwa. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wakubwa. Mimi nilichojua ni kwamba mama alikaa miezi na kile kitambaa kichwani, hapaki mafuta, hacheki, na akioga alioga peke yake nyuma ya nyumba kwa maji ya kibuyu.

Asubuhi moja mama na shangazi, dada yake baba, walivitoa vinu vyote vitatu uani. Mama akanipa mchi wangu. "Twanga," akasema. Nikachungulia ndani ya kinu changu, sikuona kitu. Nikachungulia cha shangazi, na cha mama.

"Mama, nitwange nini?"

"Twanga. Sikiliza mkono wa shangazi yako, na wewe umfuate."

Niliamini njaa imekula akili yake. Mama alipiga kwa uzito, akangoja. Shangazi alijibu mara mbili. Mimi nilitakiwa kuingia katikati yao haraka haraka, mara tatu, na nikikosea shangazi alinifinya sikio. Tulitwanga mpaka mabega yakaniwaka. Wanawake wa kijiji wakatoka mmoja mmoja na nyungo zao, wakaketi kando ya ua wetu, wakawa wanapepeta hewa. Bibi mmoja jirani alilia machozi yakamtiririka hadi shingoni. Nikamcheka kimoyomoyo kwa kudhani amekuja kuomba mchele, na kwetu mchele hakuna. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na mama.

Siku ya pili akida alisikia. Mtu ambaye hajashika mchi maishani mwake hujua jambo moja tu kuhusu kutwanga, kwamba anayetwanga ana mpunga. Akaja na askari wawili. Walimwaga majivu ya jikoni, walichimba sakafu, walipasua hata godoro la nyasi. Mmoja wa wale askari alikuwa mtu wa upande wa Mahenge, aliyejua lugha yetu. Akatumbukiza mkono ndani ya kinu kikubwa, akautoa mkavu.

"Waulize wanatwanga nini," akida akasema.

Askari akauliza. Mama hakuinama wala hakuweka mchi chini. "Mwambie tunatwanga mlichotuachia."

Askari alimtazama mama, kisha nyungo za wale wanawake, kisha mimi na kinu changu kidogo. Akamgeukia akida, akasema, "Anasema hakuna kitu, bwana."

Akida alicheka. Vinu hakuweza kuvichoma, maana mchele wa kambi ulitwangwa na wanawake haohao. "Kama wana nguvu za kutwanga hewa," akasema, "kesho watatwanga mpunga wa askari."

Siku ya tatu vililetwa vikapu vitano vya mpunga, pamoja na wale askari wawili na bunduki zao. Hapo ndipo nilipoona mama ametikisika kwa mara ya kwanza. Kinu kilichojaa ni bubu. Ukikipiga kinasema *du*, basi, na sauti inaishia humohumo kwenye pumba. Mama alitwanga kapu la kwanza kimya, kazi tupu. Shangazi akaanza kulia waziwazi. Wanawake kando ya ua wakaacha kupepeta.

Kisha mama akaupandisha mchi, na alipokuwa anaushusha akaugonga kwenye mdomo wa kinu kabla haujaingia ndani. Sauti ikatoka, kavu na safi, ikafika mtoni. Akagonga tena. Shangazi akafuta uso kwa bega, akajibu mara mbili. Wote wawili wakanitazama.

Lakini mimi nilikuwa na mchele mdomoni. Harufu yake ilikuwa imenishinda. Nilikuwa nimechota konzi kutoka kwenye kinu changu, na ulikuwa mtamu mno, ule utamu wa mchele mbichi unaogeuka maziwa ukiutafuna. Mama, ambaye hakuwahi kunipiga, alinizaba kofi la mdomo.

"Tema! Shika mchi wako!"

Nilitema. Mtoto mwenye njaa nilitema mchele mchangani, nikashika mchi, nikagonga mara tatu kwenye mdomo wa kinu huku nikimchukia mama kuliko nilivyowachukia Wajerumani. Tukaendelea hivyo, vikapu vyote vitano, mbele ya bunduki. Yule askari wa Mahenge alisikiliza muda wote na hakusema neno. Najua wengine wangemsifu. Mimi simsifu. Alikuwa amevaa nguo zao na amekula mpunga wetu.

Kapu la mwisho lilipokwisha, mama aligonga peke yake, kwa uzito, akanyamaza. Shangazi akanyamaza. Mama akachota mchele wa kambi kwa viganja viwili, askari wakitazama, akaumimina mikononi mwangu.

"Sasa kula."

Nilikula. Yeye akafungua kitambaa kichwani, akatembea kwenda mtoni, na wanawake wote wakaacha nyungo zao wakamfuata. Nilidhani wanakwenda kuosha vumbi la pumba.

Miaka ilipita. Siku niliyoolewa, shangazi alikuwa ananipaka mafuta mgongoni, akaniuliza kama bado nina kinyongo na mama kwa lile kofi. Nikasema ninacho. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba ngoma kubwa ya msiba hupigwa na mjane, ya kati na dada wa marehemu, na ndogo na mtoto wake, na kwamba siku ya mwisho hakuna mpigaji anayeruhusiwa kula mpaka zinyamaze. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. "Akida angekuuliza wewe," akasema. "Ungekuwa unajua, ungesema. Ulikuwa mtoto."

Nilivyokuwa nimepakwa mafuta ya harusi nilikwenda kwa mama, nikapiga magoti mbele yake. Nimeishi tangu wakati huo nikijua nilichokifanya. Walitangaza kwamba baba yangu hana msiba. Mimi binti yake nilimlilia siku tatu kwa mikono yangu miwili, sikukosea ila mara chache, wao wakiwa wamesimama palepale na bunduki zao wakinilinda, na mchele wao umo ndani ya kinu alichonichongea.