Mabomba Aliyoyataka Ojok

Van ya Lanyero ilikuwa ikigonga tik-tik-tik kila asubuhi kabla injini haijapata moto. Jirani zake wa kilima cha Mbuya walimwambia huo ni uzee wa gari, asijisumbue. Yeye alisumbuka. Tangu mumewe, Sajenti Ojok, apelekwe kulinda amani nje ya nchi, Lanyero alikuwa akiitumia van hiyo kuwapeleka shule watoto wa wanajeshi na polisi, na sauti zake alizijua kama alivyojua kikohozi cha mwanawe Okidi. Injini yenyewe ilikaa chini ya viti vya mbele. Alikuwa akiikalia kutwa nzima.

Kisha watoto wakaanza kulalamika kwamba vichwa vinawauma. Asubuhi moja msichana aitwaye Akidi alishuka langoni mwa shule, akaegemea ukuta, akatapika. Lanyero alipoinama kumfuta mdomo, akasikia harufu ya moshi kwenye nywele za mtoto. Siku hiyo hakumpakia mtu mwingine. Aliendesha moja kwa moja hadi Nakivubo, madirisha yote wazi.

Fundi wake, Jean-Pierre, Mkongomani kutoka Bukavu, alikuwa na gereji ndogo huko, nyuma ya maduka ya spea. Aling'oa kiti cha dereva, akamulika tochi, akamwita.

"Mama Okidi, njoo uone. Hii ndiyo manifoldi, inapokea moshi wa injini na kuupeleka kwenye ekzosi, lile bomba la kuutolea nyuma. Imepasuka. Ona masizi. Moshi unatokea hapa, unapanda ndani kwenye watoto."

"Basi ichomelee."

"Nitachomelea, lakini chuma cha namna hii kikipata moto na kupoa, kitapasuka tena kando ya pale nilipochomea. Tutafute nyingine ya kiwandani, hata iliyotumika."

Walizunguka maduka mchana kutwa wasiipate. Muuzaji mmoja akawatolea kitu kingine cha kuwekwa mahali pake: mabomba manne membamba ya chuma yanayong'aa, yamepindwa na kuunganishwa kuwa moja. Alisema yanaingia kwenye injini ya aina ile bila taabu, na Jean-Pierre akakubali. Lanyero hakuyapenda, akampigia simu mumewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Weka hayo!" Ojok alifurahi kama aliyepewa likizo. "Achana na lile jiwe la chuma la zamani. Moshi ukitoka haraka, gari itapanda Mbuya bila kuhema."

"Baba Okidi, mimi nabeba watoto. Sishindani na mtu."

"Nisikilize mimi. Magari nayajua."

Alimsikiliza. Matundu mawili hayakulingana na ya injini, Jean-Pierre akayapanua kwa tupa. Waya wa sensa, kifaa cha kupima moshi, haukufika, akauunga. Bati la kukinga joto lililofunika manifoldi ya zamani halikupata pa kushikia, likabaki sakafuni. Lanyero alilitazama, akauliza, "Na hili?"

"Halina mahali, Mama. Labda tutaishi bila hilo."

Moshi ulikwisha, kweli. Lakini van sasa ilinguruma. Jirani waliamka naye alfajiri, na askari wa kizuizi cha barabarani, kijana aliyemfahamu, alimsimamisha huku akicheka. "Mama Okidi, hii gari iko nalia sana. Unaenda vita?" Lanyero hakucheka. Kiti kilikuwa kikimchoma mapaja. Alikitandikia blanketi, akaendelea.

Jioni moja ya foleni, akiwa na watoto, hajafika hata chini ya kilima cha Mbuya, alisikia harufu ya plastiki. Moshi mweupe ukachomoza kando ya goti lake na injini ikazimika.

"Shukeni! Wote shukeni! Acheni mabegi!"

Aliwashusha mmoja mmoja upande wa mtaro, boda boda zikipita karibu kabisa na migongo yao. Moto haukuwaka. Nyaya zilizopita juu ya mabomba zilikuwa zimeyeyuka. Lanyero alisimama kando ya barabara akiwa amemshika Akidi mkono, akilia kwa hasira.

Van ilivutwa hadi gereji. "Uliniambia yatafaa!" alimfokea Jean-Pierre.

"Nilisema yataingia, Mama. Kufaa sikusema."

"Mbona hukunikataza?"

Jean-Pierre akaileta ile manifoldi kuukuu, akaiweka chini sambamba na mabomba. Ilikuwa nzito, nene, ya rangi ya kutu, na pande zote ilikuwa na vishikio: cha bati, cha sensa, cha mguu wa kuizuia isitikisike. Mabomba yalikuwa mepesi, hayana kishikio hata kimoja.

"Mabomba si mabaya," alisema. "Kwa gari ya kukimbia, yenye injini mbele na upepo wa kutosha, mtu anafurahi. Ndani ya hili sanduku yanachoma. Nilipaswa kukuambia mapema. Nisamehe."

Tangu hapo Lanyero alitafuta nyingine mwenyewe, akiibeba ile iliyopasuka ndani ya gunia kama kielelezo. Walimwonyesha za magari mengine, walimwambia arudi kesho, kesho ikawa kesho. Mwishowe Guerschom, mtu wa kuchinja magari mabovu na kuuza spea zake, alimfungulia van kama yake iliyogongwa nyuma. Jean-Pierre akaigonga manifoldi ya van hiyo kwa spana. Ililia kama kengele, maana yake haina ufa.

Ilikaa mahali pake bila tupa. Bati likarudi. Lanyero aliwasha injini, akasikiliza, akasikia utulivu. Alidhani angefurahi.

Lakini mama yake Akidi alimpokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. "Sikulaumu, dada. Ila mtoto wangu hataipanda tena van yako." Familia nyingine ikafuata. Lanyero aliondoka asubuhi iliyofuata na viti kadhaa vitupu nyuma yake, gari likienda kimya kuliko wakati wowote.

Ojok alipiga simu siku hiyo hiyo, van ikiwa imesimama langoni mwa shule. "Na mabomba yangu?"

"Yako chini ya kitanda, upande wako."

Ojok akaanza kumweleza kwamba kosa lilikuwa la fundi, kwamba mabomba yangefungwa kitambaa cha kuzuia joto yasingechoma kitu, na kwamba akirudi atayaweka mwenyewe. Lanyero alimwacha aseme hadi mwisho.

"Ukirudi," akamjibu, "utatafuta gari lako la kuyaweka." Akakata simu, akashuka garini kuwafungulia mlango watoto waliobaki.